Hati ya paka na shilingi 60



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Amma ba'ad.

Ndugu yangu msomaji, leo naanza na katuni. Usishangae, na usifunge ukurasa. Nazungumzia Tom na Jerry, paka na panya, wale wale uliowacheka utotoni na ambao huenda wanao wanawacheka sasa hivi sebuleni.

Najua wapo watakaoniuliza hukumu ya picha na katuni. Wanachuoni wamelizungumza jambo hilo kwa urefu na wamekhitilafiana, na tutalipa darsa lake siku nyingine inshaAllah. Leo nina deni jingine la kulisema, na deni hilo ni langu mimi.

Nina grupu la WhatsApp la watu tuliokua pamoja mtaa mmoja pale Tanga. Tuko thelathini na kitu. Yumo mwalimu, yumo dereva wa lori, yumo muuza duka la dawa, wawili wako Muscat. Tunapeana habari za misiba na harusi, tunachangishana mtu akiuguliwa. Lakini kinacholichangamsha grupu letu ni katuni za zamani. Ikifika Alhamisi usiku mmoja anatupia kipande cha Tom na Jerry, basi simu hazilali.

Wala usidhani ni mazungumzo ya kitoto. Yule mwalimu ametusomesha kwamba katuni ya kwanza ya wawili hao ilitoka mwaka 1940, wakaitengeneza William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM huko Marekani, na kwamba humo paka hakuitwa Tom, aliitwa Jasper. Hanna na Barbera walitengeneza katuni 114 za namna hiyo, ya mwisho ikatoka mwaka 1958, na 7 kati yake zilipata tuzo ya Oscar. Watu wanabishana zipi ni bora. Wapo wachache wanaozitetea zile 13 za Gene Deitch zilizotengenezwa mjini Prague mwanzoni mwa miaka ya 1960, zenye sauti kama zinatoka ndani ya pipa. Wengi wetu hatuzitaki hata kuzisikia. Siku moja mtu akatuletea habari kwamba ule ukelele wa Tom akibanwa mkia ni sauti ya Hanna mwenyewe. Tulicheka wiki nzima.

Siku nyingine mjadala ulikuwa mzito. Mmoja aliuliza kama tunamkumbuka yule mama mweusi, mtumishi wa ndani, ambaye karibu siku zote tulionyeshwa miguu yake tu na kusikia sauti yake. Akasema kwamba mhusika yule alichorwa kwa namna ya kuwadhihaki Waamerika weusi, na ndiyo maana baadaye vituo vya televisheni vya kwao vilimbadilisha au kumkata. Akasema: "Tulikuwa tunacheka tu, hatukujua tunamcheka nani." Grupu likanyamaza kidogo, kisha mtu akaleta kipande kingine, tukaendelea.

Ndugu yangu, maneno yale yalinichoma zaidi ya wenzangu. Nisikilize ujue kwa nini.

Katika grupu letu yumo mwenzetu mmoja tunayemwita Jerry. Hilo si jina lake. Jina lake ni zuri, la Kiislamu, alilopewa na baba yake siku ya akika. Lakini tangu utotoni tunamwita Jerry, na karibu kila kipande cha panya kinachotupwa kwenye grupu kinatupwa kwa jina lake: "Jerry, umejiona?" Naye hujibu kwa vile vikatuni vya kucheka machozi. Wengi wanaamini aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mwepisi wa mbio. Sababu ya kweli tulikuwa tunaijua watu wawili: yeye na mimi.

Sasa nikurudishe nyuma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Mtaani kwetu alikuwapo mtu mwenye televisheni na deki ya video, na jioni alikuwa akitutoza watoto shilingi 20 tuingie kuangalia. Tom na Jerry zilikuwa ndizo tamu kwetu kuliko zote, kwa sababu hazikuhitaji Kiingereza. Hawasemi, wanakimbizana, na muziki wa Scott Bradley unakwambia lini ucheke na lini ushike roho. Jerry akiiba jibini kwenye friji, sisi hata jibini hatukuwa tunalijua. Tulidhani ni kipande cha sabuni ya njano, tukastaajabu panya wa Ulaya anakula sabuni.

Siku za Alhamisi madrasa tulikuwa tunapeleka hela ya ustadh. Ndiyo iliyokuwa riziki yake, maskini, na Allah amrehemu. Zilikusanywa kwenye kopo la maziwa, na mwenye kushika kopo alikuwa ni yule mwenzetu, kwa sababu ustadh alimwamini kuliko sote. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma na alikuwa ametutangulia. Yeye ameshafika Yaasin, mimi bado niko nyuma nakwamakwama.

Alhamisi moja alikwenda kutawadha akaliacha kopo chini ya msala. Nikatia mkono nikachukua shilingi 60. Jioni ile niliingia kwenye video mimi na wenzangu wawili, nikawalipia, nikajiona tajiri. Wallahi mpaka leo nakumbuka katuni tuliyoiona na mahali nilipokaa.

Hela zilipohesabiwa zikawa pungufu. Akaulizwa mshika kopo, hakuwa na la kujibu. Ustadh akatuuliza sote: nani ameona kitu? Nikaogopa kwamba nikinyamaza nitatazamwa mimi. Nikanyanyua mkono, nikasema nilimwona akitia hela mfukoni.

Alichapwa bakora mbele yetu. Ustadh simlaumu, alihukumu kwa ushahidi aliopewa, na ushahidi ulikuwa wangu. Tulipotoka nje, mtoto mmoja akasema, "Kumbe Jerry ni huyu, mwizi wa jibini!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Kesho yake jina likaenea mtaa mzima. Baada ya wiki mbili yule mtoto hakuonekana tena madrasa.

Mimi nikaendelea. Nikahitimu, nikapelekwa kusoma mbele, nikavaa kanzu na kilemba, nikapanda mimbari. Na wewe leo unanifuata hapa, unaniita sheikh.

Lile jina lilitulia. Miaka ikapita, ubaya wake ukasahaulika, ukabaki uzuri wake wa katuni. Watu waliposema "Jerry" walisema kwa mapenzi. Nami nikajifariji kwa hilo: si anacheka mwenyewe? Ndugu yangu, jihadhari sana na faraja ya namna hii. Uliyemdhulumu akicheka mbele za watu, kicheko chake si risiti ya msamaha.

Sasa njoo kwenye mwezi wa Shaaban uliopita. Unajua ada yetu ilivyo. Ramadhani ikikaribia, simu zinajaa ujumbe wa kuombana radhi: maua, mwezi mwandamo, na maneno mazuri yaliyoandikwa na mtu usiyemjua. Unausambaza kwa watu mia mbili kwa kidole kimoja, nao wanakujibu "nimekusamehe, nawe nisamehe", basi unalala ukijiona mweupe. Mimi nikaona nifanye tofauti kidogo. Nikachukua katuni ya mwaka 1949 iitwayo Heavenly Puss, nikaitupia kwenye grupu.

Kama huikumbuki, nitakusimulia. Tom anamkimbiza Jerry ngazini, piano inaporomoka na kumponda. Roho yake inatoka, inapanda ngazi ya dhahabu mpaka kwenye kituo cha treni iendayo peponi. Getini yupo mwenye daftari, anawakagua paka mmoja mmoja. Anafika paka aliyepondwa na gari la kushindilia barabara. Kisha unakuja mfuko uliolowa maji, na ndani yake wanatoka paka wachanga watatu. Hao wanapita. Zamu ya Tom inafika, mwenye daftari anatazama, anamwambia umri wako wote umeumaliza kumtesa panya, huwezi kupita. Lakini anampa nafasi: treni itaondoka baada ya saa moja, chukua hati hii ya msamaha, nenda kwa Jerry, akiitia saini utapanda. La sivyo, anaonyeshwa jibwa linalomngoja kwenye sufuria la moto.

Tom anarudi mbio. Anampelekea Jerry keki, anambembeleza, anakasirika, anapiga magoti. Saa inakwenda. Jerry anakuja kutia saini dakika za mwisho kabisa, Tom anakimbilia treni, anachelewa, anaanguka motoni. Hapo anazinduka. Kumbe alilala karibu na meko na kaa la moto limemrukia mkiani. Anamkimbilia Jerry, anamkumbatia na kumbusu, na Jerry haelewi kumetokea nini.

Wacha niseme wazi: akida yetu hatuichukui kwenye katuni. Pepo na moto tumefundishwa na Allah na Mtume wake, na si mambo ya mchezo. Tena palipo kosa kubwa zaidi la ile katuni ni pale paka anaporudishwa duniani. Katika Suratul Mu'minuun tumefunzwa kwamba mtu yakimfika mauti ataomba arudishwe ili atende mema aliyoyaacha, na hatorudishwa. Hakuna saa moja ya nyongeza. Saa yenyewe ni hii uliyo nayo unaposoma.

Basi nikaitupia katuni ile, na chini yake nikaandika: "Ndugu zangu, Ramadhani inabisha hodi. Nami naleta hati yangu kwenu. Kila niliyemkosea anisamehe." Majibu yakamiminika. Tumekusamehe sheikh. Allah akulipe sheikh. Darsa zuri sheikh. Nikafurahi, nikaona nimefikisha ujumbe kwa hekima.

Usiku, karibu saa tano, ikaingia meseji ya faragha. Inatoka kwa Jerry. Aliandika hivi:

"Sheikh, paka yule alimpelekea hati panya mwenyewe. Hakuibandika ukutani."

Sikulala. Ndugu yangu, nimetoa mawaidha ya haki za waja sijui mara ngapi. Nimeisomesha ile hadithi aliyoipokea Imam Muslim kuhusu muflisi wa umma huu: mtu anakuja Siku ya Kiama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamzulia yule, akala mali ya huyu, akampiga yule, basi mema yake yanagawiwa kwa hao mpaka yanaisha, kisha anabebeshwa madhambi yao. Nimewaliza watu kwa hadithi hiyo. Na katika ile orodha mimi nilikuwa na mawili kwa siku moja, kula mali na kuzulia, na juu yake ushahidi wa uongo, ambao Mtume (s.a.w.) ameutia katika madhambi makubwa kabisa.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Tanga. Nilimkuta kazini kwake, anatengeneza mafriji. Akaninawisha mikono, akaagiza chai. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nimekuja na hati." Nikayataja yote bila kuzungukazunguka: kopo, shilingi 60, mkono wangu, ulimi wangu, jina. Alisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi.

Akasema, "Mimi kwa nafsi yangu nilishakusamehe zamani, maana nilichoka kukubeba. Lakini hujui kilichotokea nyumbani."

Mama yake alikuwa akiuza vitumbua. Siku ile alikwenda kwa ustadh na shilingi 60 za mauzo yake, akazilipa, akaomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Kisha akaona haya kupita ile njia ya madrasa, akawa anazunguka nyuma kwenda sokoni. Akamtoa mwanawe pale, na kwa shida za wakati ule hakupata kumpeleka pengine. Yule mama amefariki mwaka 2008, na kila mwanawe alipomwambia "mama, sikuiba", alimjibu, "Yamekwisha mwanangu." Hakumwambia nakuamini.

Nililia pale dukani kama mtoto. Nilikuwa nimekwenda na bahasha. Hakuipokea. Akasema, "Mama ana warithi watatu. Mimi na dada zangu wawili. Ile hela ni yetu sote, na ile aibu ni yetu sote. Saini yangu unayo. Nenda kwa wenye zao. Na wale waliosikia uongo wako, wasikie na ukweli wako."

Hapa, ndugu msomaji, tusome kidogo, maana simulizi bila ya elimu ni hadithi tu.

Imam an-Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina sharti tatu: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi inahusu haki ya mwanadamu, lipo sharti la nne: kujitoa katika haki ya mwenyewe. Ni mali, irudishe. Ni heshima, isafishe au uombe radhi. Sala ya usiku haifuti deni la jirani. Na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza, katika hadithi ya Bukhari, aliyemdhulumu nduguye ajinasue leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Ametufundisha pia kwamba siku hiyo hata mnyama asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Ikiwa wanyama wanalipana, wewe na mimi tutajificha wapi?

Utaniuliza: sheikh, hatukukatazwa kujifichua madhambi yetu? Ndiyo, tumekatazwa. Dhambi iliyo baina yako na Allah, akakusitiri, basi jisitiri na utubu kimya kimya. Ukimsengenya mtu naye hajui, na kumwambia kutaleta balaa zaidi, wanachuoni wengi wamesema muombee dua na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Lakini ukimzulia mtu mbele za watu, usafi wake uko mikononi mwako, na huwezi kumsafisha kwa siri. Nilimdhulumu hadharani, hadharani ndipo pa kurudisha. Haya unayoyasoma nimeyaandika kwa idhini yake, na jina lake nimelihifadhi.

Basi Alhamisi iliyofuata, saa ile ile ya katuni, niliandika kwenye grupu. Nilieleza yote na nikamalizia: "Mwizi wa jibini nilikuwa mimi." Kwa muda mrefu hakuandika mtu. Mmoja wa wale wawili niliowalipia video akaandika, "Kumbe na sisi tulikula." Mwingine akatoka kwenye grupu, na sijui kama amekasirika au ameona haya kwa ajili yangu. Kisha yule mwenzetu akaandika mstari mmoja: "Nimesoma. Sasa niiteni jina langu."

Tangu siku hiyo tunamwita jina lake. Katuni bado zinatupwa, na yeye mwenyewe juzi alileta moja na kubishana na mwalimu kuhusu zile za Prague. Nilimwomba anikubalie nimsomeshe, aendelee pale alipoachia. Akacheka, akaniambia, "Nina ustadh wangu, sheikh. Mwaka wa pili huu. Yaasin nilishaipita." Nikajua kwamba Allah hakungoja toba yangu ili kumfungulia mlango mja wake.

Ndugu yangu, sikuandika haya ili unisifu kwa kukiri. Nimechelewa kwa zaidi ya miaka 25, na aliyestahili kusikia kuliko wote yuko kaburini. Naandika ili nikuulize: Jerry wako ni nani? Mfanyakazi wa ndani uliyemkata mshahara? Mke uliyemwacha na kumpakazia? Mtoto uliyempa jina la utani, naye analicheka kwa kuwa hana la kufanya? Usimtumie maua na mwezi mwandamo pamoja na watu mia mbili. Mpigie yeye, nenda kwake, litaje kosa kwa jina lake, beba na alichopoteza. Na akikataa kusamehe siku hiyo, usimkasirikie, wala usimsomee aya za kusamehe. Hati ni yako, kalamu ni yake.

Dada yake mdogo nimeonana naye, amenisamehe, na fungu lake ameniambia nilitoe sadaka kwa niaba ya mama yao. Dada mkubwa nimempigia mara tatu. Mara ya mwisho alipokea, akanisikiliza, akasema atafikiri. Naandika haya naye bado hajanijibu. Niombeeni.

Ee Allah, tusaidie kurudisha haki za waja wako kabla saa zetu hazijakwisha, msamehe na umrehemu yule mama, na uwarehemu wazee wetu na walimu wetu wote. Amin.

Wallahu a'lam.